SOMO: Pinyata ya bethdei ya kutengeneza nyumbani (tafadhali someni hatua ya kamba)

Wakuu habari. Nimejibu hili swali la pinyata mara nyingi mno, kila mtu namwandikia upya kuanzia mwanzo, sasa naliweka hapa mara moja na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa asiyejua, pinyata ni lile dude la karatasi lenye pipi ndani, linaning'inizwa, mtoto anafungwa kitambaa machoni anapewa fimbo alipige mpaka lipasuke. Wenyewe ni Wamexico, ile yao ya asili ni nyota ya pembe 7 na zamani ndani kilikaa chungu cha udongo. Sisi tunatumia puto, maana chungu kikivunjika na vigae vinadondoka humo humo kwenye pipi.

1. Puliza puto mpaka upana wa kama sentimita 30, funga, lipake mafuta ya mgando lisigandane na karatasi.

2. Chana magazeti kwa mkono vipande vya upana wa vidole viwili. Mkasi hapana, ukingo uliochanika ndio unalala vizuri.

3. Unga wa ngano kikombe 1, maji kikombe 1 na kidogo, chumvi vijiko 2 kuzuia ukungu. Koroga mabonge yaishe.

4. Chovya kipande, kipitishe katikati ya vidole kitoe unga wa ziada, bandika. Zungusha puto lote ila acha tundu la kupita ngumi pale kwenye fundo. Tabaka moja, acha ikauke KABISA, mara nyingi ni siku nzima, ndio uweke la pili. Kausha kivulini penye upepo, juani hewa ya puto inatanuka, linaweza kupasuka karatasi bado mbichi na umbo lote linabonyea.

5. KAMBA. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Pinyata yangu ya kwanza nilitoboa vishimo viwili karibu na tundu, nikapitisha kamba, nikaona imekaa imara kwa sababu nilipoinyanyua haikuchanika. Fimbo ya kwanza tu karatasi ikachanika pale pale kwenye vishimo, pinyata ikaanguka nzima chini, watoto wote wakaivamia, na aliyefungwa macho hajui kilichotokea bado anapiga. Fimbo ilipita karibu kabisa na kichwa cha mtoto wa dada yangu. Hakuumia, lakini mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Kwa hiyo fanya hivi: tabaka la pili likishakauka, chukua kamba ya manila, ipitishe CHINI ya pinyata kama unavyofunga mzigo, mizunguko miwili inayokatana msalaba, ncha zote zije juu uzifunge fundo moja, kisha tabaka la tatu la magazeti lifunike kamba yote. Hapo uzito unabebwa na kamba, karatasi haibebi kitu. Msiruke hii hatua.

6. Ikikauka toboa puto, toa vipande VYOTE, mtoto mdogo akimeza anakabwa.

7. Karatasi laini za rangi zikate mikanda, chanachana ukingo mmoja, bandika kuanzia chini kupanda juu kama unaezeka makuti.

8. Jaza pipi zenye maganda na vitu vyepesi, kilo moja inatosha, ziba tundu kwa karatasi. Siku ya shughuli ipitishe kamba juu ya tawi, mtu mzima ashike ncha awe anapandisha na kushusha, wanaosubiri wakae nyuma mita 3 au zaidi.

MASWALI

Mdau: Shughuli ni kesho, naweza kuweka tabaka zote 3 leo?
Jibu: Hatua ya 4.

Mdau: Nimesoma ila sina muda ndio maana nauliza.
Jibu: Basi achana na puto. Chukua boksi jepesi, lizungushie kamba vile vile, katika upande wa chini chora mlango na ukate nusu nusu ili uachie kirahisi, pamba. Jioni moja umemaliza.

Mdau: Mimi nilifunga kwenye vishimo na haikudondoka, unatisha watu bure.
Jibu: Nashukuru haikudondoka. Mimi yangu ilidondoka mtoto akiwa chini yake na sitaacha kuwaambia watu.

Mdau: Yangu watoto wamepiga mpaka wamechoka, haipasuki!
Jibu: Tabaka ngapi?
Mdau: Sita.
Jibu: Nimeandika tatu.

Mdau: Dada, wangu wana miaka mitatu na fimbo naiogopa, kuna namna nyingine?
Jibu: Swali zuri sana hili. Ipo ya kuvuta. Kata mlango mdogo chini, ushikize kidogo kwa selotepu, kisha ning'iniza riboni kama 15, moja tu ndio imefungwa kwenye mlango, nyingine zimebandikwa juu juu. Kila mtoto anavuta yake kwa zamu, hakuna anayejua ipi ni ya kweli, na wadogo wanaipenda kuliko fimbo. Kwa umri huo pipi ngumu usiweke, weka stika na biskuti zilizofungwa.

Mdau: Na fimbo nzuri ni ipi?
Jibu: Mpini wa fagio uliokatwa ubaki kama sentimita 70, ncha izungushie kitambaa. Chuma hapana.

Mdau: Naongezea, mimi kila mtoto nampa kifuko chenye jina lake kabla hatujaanza, ikipasuka anaokota mwisho vipande 10, zinazobaki tunawagawia wale wadogo waliosukumwa. Kilio kimeisha kwangu.
Jibu: Hii naichukua, asante sana. Vifuko unashona au karatasi?
Mdau: Karatasi tu, yale magazeti yaliyobaki.