Zuia sauti ya jirani: anzia juu ya dari, si ukutani

Wapangaji wa Kondele na Manyatta hapa Kisumu hunipigia wakiwa na ombi moja: "Fundi, nibandikie sponji ukutani." Huwa nawazuia wasipoteze pesa. Sponji na trei za mayai hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako, lakini sauti ya jirani hazizuii, ni nyepesi mno. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake na kwa kukosa mianya.

Hatua ya 1: Tafuta inakopita. Usiku, zima taa. Jirani awashe redio upande wake, kisha amulike tochi kwenye pembe, mabomba na soketi. Ukiona mwanga, sauti nayo inapita hapo. Halafu panda juu ya dari. Katika ploti nyingi ukuta wa kati huishia usawa wa dari. Kutoka hapo hadi mabati ni uwazi mtupu, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Jirani akikohoa, kikohozi kinapanda, kinavuka, kinakushukia kitandani. Ukuta wa chini ungekuwa na unene wa futi moja, bado ungemsikia.

Hatua ya 2: Pandisha ukuta hadi kwenye paa. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, na uhakikishe ukuta wa chini unaweza kubeba mzigo huo. Jenga kwa bloku za inchi 6, ukijaza hasa viungo vya wima. Mafundi wengi huviacha wazi wakitegemea plasta. Piga plasta pande zote mbili, hata kule juu ambako hakuna atakayeona. Ufa wa mwisho chini ya mabati usiuzibe kwa simiti, kwa sababu mabati hutanuka na jua letu na simiti itapasuka. Sindilia pamba ya mawe (rockwool, nyuzi laini za mawe). Ukuta huo utachelewesha pia moto usiruke chumba hadi chumba.

Hatua ya 3: Ziba matundu madogo. Upenyo wa asilimia 1 tu ya ukuta unaoweza kuzuia desibeli 50 (kipimo cha sauti) huushusha hadi 20 hivi. Soketi zinazopeana mgongo, hamisha moja. Pembeni mwa mabomba tia silikoni. Matundu ya hewa ya nje yaache kabisa, hasa ukipikia jiko la makaa. Hewa yake ya sumu inaua.

Hatua ya 4: Sakafu ya ghorofa. Slabu ya zege huzuia mazungumzo vizuri, lakini kinu na viatu huipiga yenyewe, nayo hutetema. Kama watu wameshahamia, weka zulia zito na mipira chini ya miguu ya viti. Kama bado mnajenga, tandaza raba ya sakafu juu ya slabu, kisha karatasi ya nailoni, kisha skridi (tabaka la mchanga na simiti) ya milimita 65 au zaidi. Skridi isiguse ukuta popote. Zungusha utepe laini kingo zote.

Hapo kwenye kingo ndipo kazi huharibikia. Jengo moja la Milimani tulifuata yote hayo, na bado mama wa chini alisikia kila hatua. Siku mbili tulitafuta. Fundi wa tailzi alikuwa amejaza grauti (simiti ya kuziba viungo vya tailzi) kati ya tailzi na ukuta, upande mmoja tu wa sebule. Tukaikwangua yote, tukatia silikoni. Jioni mama akauliza kama watu wa juu wamesafiri.