Kabla ya kuuliza kama thamani imo ndani ya mkusanyo

Katika Python, lugha ya kuandikia programu, kuuliza kama thamani imo ndani ya mkusanyo ni mstari mmoja, `if x in orodha`, na ufupi wake ndio unaoponza: mtu huuandika kabla hajajua anauliza nini.

Anza na aina ya data, maana hapo ndipo wanaoanza hupotezea jioni nzima. Anachoandika mtumiaji kwenye kibodi hufika kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. "5" si 5, na orodha yenye 5 itakujibu kwamba haimo, tena bila kutoa kosa lolote. Geuza kwanza kwa `int()`. Kama ni majina, ondoa nafasi za pembeni kwa `strip()`, kisha yashushe yawe herufi ndogo kwa `lower()`, pande zote mbili: jina unalotafuta na yale yaliyomo kwenye orodha. Bado hupati? Chapisha thamani kupitia `repr()`, inayoionyesha ikiwa ndani ya alama za nukuu. Nafasi iliyojificha mwishoni itajifichua.

Halafu jua unapekua chombo gani. Kwenye kamusi (`dict`, ambayo kila ufunguo wake una thamani yake), `in` hutazama funguo. Thamani zinatafutwa kwa `.values()`. Kwenye maandishi hutafuta kipande, ndiyo maana "paka" imo ndani ya "pakacha". Ukisahau kulitia neno "pakacha" kwenye orodha, utapewa ndiyo usiyoistahili.

JavaScript, lugha nyingine ya programu, ina mtego wake: `in` kwenye safu (`array`, orodha ya huko) huuliza kama namba ya nafasi ipo, haiulizi kilichomo. Tumia `includes`. Ukikuta kodi ya zamani yenye `indexOf`, linganisha jibu na -1, kwani kitu kilichopatikana mwanzoni kabisa hurudisha 0, na 0 huhesabiwa kuwa si kweli.

Ukubwa nao? Orodha hupekuliwa kitu kimoja kimoja. Kwa vitu 50 usijisumbue. Lakini ukiuliza ndani ya kitanzi (kodi inayojirudia, kama `for`), kwa orodha mbili za vitu 10,000 kila moja, ulinganisho unaweza kufika 100,000,000. Geuza ile inayopekuliwa iwe seti (`set`, mkusanyo usiohitaji kupekuliwa kitu kimoja kimoja), na ufanye hivyo kabla ya kitanzi. Mimi niliwahi kuigeuza ndani ya kitanzi, ikawa seti mpya inajengwa kila mzunguko, na programu ikawa nzito kuliko mwanzo. Kumbuka tu kwamba seti ya Python haipokei orodha kama kitu chake. Orodha ndogo zilizo ndani zigeuze kwanza kwa `tuple()`, ziwe mfuatano usiobadilika.