Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwanzishia msafiri dawa za kifua kikuu

Msafiri aliyekuwa mzima wa afya akirudi na homa, kikohozi na uchovu, mpime malaria siku hiyohiyo, mpime VVU kwa ridhaa yake, na uchukue makohozi ya kupima kifua kikuu. Hayo kila tabibu anayajua.

Linalosahaulika ni kumuuliza alifika wapi, aliingia wapi, na alikuwa na nani. Namkumbuka kijana mmoja, mcheza mpira, ambaye picha ya kifua chake ilionyesha vidoa vidogo vidogo vilivyotapakaa mapafu yote mawili. Makohozi yalipimwa, yakarudiwa, na kifua kikuu hakikuonekana. Hata hivyo akaanzishiwa dawa, akazimeza hadi macho yakageuka manjano huku homa ikiendelea kumchoma. Alipoletwa kwetu, muuguzi ndiye aliyemuuliza habari za safari, naye akatoa simu na kutuonyesha picha aliyopigwa pangoni, popo wamening'inia juu yake na vumbi la kinyesi chao likielea kwenye mwanga wa tochi. Wenzake walioingia naye walikuwa wamekohoa juma lilelile. Damu ilipopimwa kingamwili, ikabainika ni histoplasma, fangasi wanaoishi katika udongo wenye kinyesi cha popo na ndege. Mwaka 2011 wanafunzi wa biolojia kutoka ng'ambo waliugua vivyo hivyo baada ya kuingia ndani ya mti wenye uwazi, uliojaa popo, katika msitu mmoja wa Uganda.

Basi hesabu siku. Histoplasma kwa kawaida huleta dalili kati ya siku 3 na 17 tangu mtu avute vumbi. Koksidioide, fangasi mwingine anayevutwa na vumbi katika maeneo yenye ukame kama Arizona na California huko Marekani, kati ya wiki 1 na 3. Kipimo cha kingamwili kikitoka hasi mapema, kirudie baada ya wiki kadhaa, na pima antijeni, yaani chembechembe za fangasi mwenyewe, kwenye mkojo kipimo hicho kinapopatikana. Sampuli ya kuotesha fangasi isitumwe bila kuiandikia maabara unachokishuku, maana koksidioide ikishaota humwambukiza mhudumu kwa njia ya hewa. Wagonjwa wengi waliokuwa na afya njema hupona histoplasma bila dawa, lakini anayehema kwa shida alazwe, na ambaye dalili zake zimepita mwezi afikiriwe kupewa itrakonazoli, dawa ya fangasi. Waite pia alioandamana nao, na usiache kukitafuta kifua kikuu kwa sababu tu umesikia habari za popo.