Leseni ya duka dogo: naandika mara moja, msinifuate inboksi tena

Kila wiki meseji ni ileile: "Kaka, nataka kufungua duka, naanzia wapi?" Haya, someni. Ni Tanzania Bara, duka la mtu mmoja, si kampuni.

1. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo usitoke nyumbani.

2. Jina la biashara: BRELA, wanaosajili biashara, mtandaoni.

3. Fremu na mkataba wa pango. Hapa ndipo nilipopigwa. Fremu 150,000 kwa mwezi, nikamhesabia mwenye nyumba 900,000 za miezi sita, tukasaini. Nafika TRA, mamlaka ya mapato, dada wa dirishani anageuza karatasi: "Kodi ya zuio ulikata?" Zuio gani tena? Kumbe asilimia 10 ya pango ni kodi ya mwenye nyumba, ila mpangaji wa biashara ndiye anayeikata kabla ya kumlipa na kuipeleka TRA. Nikamrudia mzee, akasema yake keshapokea. Zikanitoka 90,000, na 9,000 za ushuru wa stempu wa mkataba juu yake. Msitoe hata shilingi kabla hamjakubaliana kuhusu zuio, na iandikwe kwenye mkataba.

4. TIN, yaani namba ya mlipakodi, TRA. Ni bure, anayekudai hela ni kishoka. Kwenye makadirio ya kodi usijitutumue: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato.

5. Leseni: halmashauri, kupitia TAUSI, mfumo wao wa mtandaoni. Ukiipata, bandika ukutani.

MASWALI

— Mkuu, nina mtaji wa nguo, naanzia wapi?
— Namba 1.

— Jirani yangu mwaka wa tatu huu hana leseni na anauza. Kwani lazima?
— Msinipandishe presha. Siku wakipita kukagua, kajifiche kwake.

— TIN niliyochukulia leseni ya udereva inafaa?
— Namba ni hiyohiyo, lakini si ya biashara. Nenda TRA waibadilishe, usiombe mpya.

— Samahani kaka, mimi nasaga siagi ya karanga nyumbani. Hatua ni hizi hizi?
— Umeuliza la maana, dada. Ongeza TBS, shirika la viwango, chakula kiko kwao tangu 2019. Anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako, uombe barua ya utambulisho, maana wajasiriamali wadogo wana nafuu ya gharama za alama ya ubora. Na uangalie sumukuvu, sumu ya ukungu, ndiyo inayowaangusha wengi kwenye vipimo.

— Nadandia hapo kwenye karanga: zilizosinyaa na zenye ukungu chambueni kwa mkono kabla ya kukaanga. Zikishasagwa hamzioni tena.
— Hapo umenifundisha na mimi.