Ukiwa Nairobi na ndugu zako wa Pwani wanatafuta mfadhili wa mikoko

Riziki yangu ni uhasibu hapa Upper Hill, lakini kwetu ni Kwale, na vikundi vya huko hunitumia maandiko ya miradi niyapitie kabla hayajamfikia mfadhili. Nawe unaweza kuwafanyia watu wenu. Milango mingi ya kubisha iko huku: kule Gigiri pekee wapo UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na UNDP, lile la maendeleo, wanaosimamia ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, kwa vikundi vya jamii.

Tanguliza makaratasi. Cheti cha usajili, PIN ya KRA, akaunti ya benki ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliokubali ombi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo pata pia barua ya KFS, shirika la misitu la serikali. Mradi ukigusa wavuvi, BMU yao, yaani kikundi kinachosimamia ufuo wao, ishirikishwe mapema.

Kisha kaa na bajeti, na ukae nayo sana. Nyingi ninazopokea huishia siku ya kupanda: miche, fulana, hema, chakula cha mgeni rasmi. Kesho yake kaa wanatafuna miche, mawimbi yanaing'oa, mchanga unaifukia, na hakuna hata shilingi ya kumlipa wa kuiangalia. Mimi hupunguza fulana bila huruma. Tenga posho ya wahesabuji wa miche na fedha za kujazia mapengo kwa miaka mitatu hivi. Taja pia aina ya mche na mahali pake: mlilana husimama mbele, upande wa bahari; mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Ukiichanganya, pesa za watu zitaozea matopeni. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Gazi, kule Kwale. Kikundi kiwaulize kabla ya kuandika.

Upande wa shule, futa sentensi ya "wanafunzi watahamasishwa". Andika watakachofanya: watajaza vifuko vya kitalu, watapima urefu wa miche kila mwezi, watarekodi iliyokufa. Ziara zifuate kupwa na kujaa kwa maji, maana gari likifika wakati bahari imejaa, watoto watatazama maji tu. Viatu vya matope viwe na mstari wake kwenye bajeti, na nauli ya mwalimu pia.

Mfadhili atauliza kazi italishwa na nini akiondoka. Soma habari za Mikoko Pamoja, mradi wa jamii za Gazi na Makongeni: tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yamesaidia maji na shule. Si kila kikundi kitafika huko, na usiahidi hivyo. Ufugaji wa nyuki mikokoni ni jibu la kweli pia.

Kabla ya kutuma, piga simu kikundi kikiwa mkutanoni, usome bajeti mstari kwa mstari kwa sauti. Wasipoafiki kiasi fulani, kirekebishwe hapo hapo, na katibu aandike.