Gurudumu limenasa: pima kwanza, ndipo umsikilize fundi

Gari iliyolala siku nne uani wakati wa masika, hendibreki ikiwa juu, ukaitia gia asubuhi ikatunisha mgongo na kukataa kwenda, ina tatizo lake. Gari iliyotoka Paje, huku kwetu Unguja, vizuri, ikaanza kuvuta upande mmoja na kunuka inapokaribia Tunguu, ina lake jingine. Fundi mwenye haraka atazitolea zote mbili hukumu moja: "kalipa imekufa" (ndiyo inayobana pedi kwenye diski ya breki), au "beringi imeng'ang'ana" (ndiyo gololi zinazolizungushia gurudumu). Gari ya kwanza mara nyingi ni kutu tu, na ya pili inaweza kuwa hosi ya breki, yaani bomba la mpira la kupeleka mafuta kwenye kalipa, wala si kalipa. Kabla hujatoa pesa ya kipuri, tena pengine kipuri cha kuagizwa Dar kije na boti, yapo mambo machache ya kupima mwenyewe.

Tuanze na kisa cha aibu kidogo. Gari ya otomatiki ikiwa kwenye P, gurudumu linalovutwa na injini halizunguki ukilinyanyua peke yake. Si ugonjwa huo. IST na Vitz za kawaida huvutwa mbele, Hiace huvutwa nyuma. Tia N, teremsha hendibreki, ndipo upime. Na kwa kuwa sasa hakuna kinachoizuia gari, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu la pembe nyengine. Legeza nati kidogo gari ikiwa bado chini. Toyota nyingi hutumia spana ya 21. Kwenye mchanga weka ubao mpana chini ya jeki, kisha egemeza gari kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi, khasa ukiwa na nia ya kugonga kitu.

Kama gurudumu limetoka njiani likiwa na moto, usilishike. Nyunyiza matone mawili ya maji kwenye ringi. Yakichemka hapo hapo, breki imekuwa ikishika muda mrefu. Usiimwagie ndoo, diski ya moto ikipata maji baridi ghafla hupinda au hupasuka. Ngoja ipoe.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanakijua lakini hawakifanyi. Nyuma ya kalipa ipo nipo, skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki, kwa kawaida ya spana ya 10 au ya 8. Ipulizie dawa ya kutu, subiri, tumia spana ya pete. Ukiing'ang'aniza kwa praisi itakatika, na huku kwetu kwa chumvi ya bahari nipo nyingi zimeshashikana. Vika kijipira cha plastiki kinachoingia kwenye chupa, kisha, gurudumu likiwa bado limenasa, fungua nusu mzunguko.

Mafuta ya breki yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, kalipa si mkosaji wa kwanza. Kuna presha iliyofungiwa ndani ya bomba ikakosa njia ya kurudi. Funga nipo, kanyaga breki mara tatu nne mpaka gurudumu lishike tena (likikataa kushika likiwa baridi, itabidi uendeshe kidogo lipate moto), halafu legeza maungio ya juu, pale bomba la chuma linapokutana na hosi. Likiachia hapo, tatizo liko juu zaidi: mastasilinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), au pedali isiyorudi mpaka mwisho. Lisipoachia hapo, lakini likaachia kwenye nipo, hosi imevimba kwa ndani. Hosi ya namna hiyo kwa nje huonekana nzima kabisa. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, haina nguvu ya kuyarudisha.

Mafuta yakitoka na gurudumu likabaki vile vile, kilichonasa ni chuma: pistoni, pini za kalipa, pedi zilizokwama kwa kutu kwenye fremu yake, au hendibreki. Hapo ndipo neno la kalipa linapostahili kusikilizwa.

Ikiwa magurudumu mawili au yote manne yanashika kwa pamoja, angalia pedali. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka ikaze, kisha isukume kwa kidole. Inatakiwa icheze kidogo kabla ya kukaza, milimita 1 hadi 6 kwa Toyota nyingi. Isipocheza kabisa, tundu la kurudishia mafuta ndani ya mastasilinda halifunguki, na kila breki zikipata moto presha inapanda. Mara nyengine ni swichi ya taa za breki tu imekazwa vibaya.

Halafu kuna la mafuta, na hili ndilo ghali kuliko yote. Mtu ameona kopo la mafuta ya breki limepungua akajazia mafuta ya stelingi au ya gia. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo, kuanzia mastasilinda mpaka kalipa. Fungua kifuniko cha kopo, tazama mpira wake: ukiwa umetanuka na hautaki kurudi mahali pake, shaka imeshaingia. Chovya tone, tia ndani ya glasi ya maji ukoroge. Mafuta halisi ya breki, ya DOT 3 au DOT 4, huchanganyika na maji. Yakielea juu, kuna mafuta ya injini au ya gia humo. Kubadilisha kalipa moja hapo ni kutupa pesa, kwani mipira yote na hosi zote zinataka kutoka. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi ya gari, osha kwa maji upesi.

Ukifika kwenye kalipa yenyewe, ifungue (boliti zake mara nyingi ni za 14) na uitundike kwa waya, usiiache ining'inie kwa hosi. Pini mbili zitoke na kuingia kwa vidole. Zikigoma, zisugue, zipake grisi ya silikoni ya joto kali. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira yake, na baada ya muda utarudi pale pale. Pedi nazo zinasema: iliyolika kwa mshazari inaishitaki pini moja, ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, tazama pistoni au pini zote mbili. Rudisha pistoni kwa klempu na pedi kuukuu, kopo likiwa wazi. Ikienda polepole bila kuhangaika, ni nzima. Ikitaka nguvu za watu wawili, au ngozi yake ina vidonda vya kutu, hapo fundi amesema kweli.

Nyuma, kwa gari zenye breki za dramu, mkosaji wa kawaida ni waya wa hendibreki. Ufungue upande wa gurudumu. Likiachia, badilisha waya, si breki shuu (zile zinazobana dramu kwa ndani). Shuu zilizoshikana na dramu kwa unyevu huachia kwa nyundo: gonga uso wa dramu kati ya stadi (boliti zinazofungwa nati za gurudumu), usigonge ukingo wake, huvunjika. Dramu za Toyota nyingi zina matundu mawili ya nyuzi. Tia boliti mbili za milimita 8, kaza moja kidogo na nyengine kidogo, dramu itatoka yenyewe. Wanaoegesha karibu na bahari kwa siku nyingi, kheri waache hendibreki chini, watie P au gia, na jiwe kwenye tairi.

Beringi haifi kimya. Huvuma wiki kadhaa kabla, na mvumo hubadilika ukikata kona. Kama hukusikia kitu, na ukitikisa gurudumu juu na chini halichezi, usinunue beringi. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki tazama boli jointi, kiungo kinacholishika gurudumu na mkono wake.

Kama gurudumu linazunguka lakini halitoki kwenye kitovu chake (haba), ni kutu kati ya ringi na kitovu hicho. Rudisha nati zikae legelege mizunguko miwili, teremsha gari, isogeze mita moja mbele na nyuma ukikanyaga breki. Likishaachia, sugua kwa brashi ya waya, paka grisi nyembamba kwenye kitovu tu, si kwenye stadi wala diski.

Kwa fundi, maneno mengi hayahitajiki, na adabu haipunguzi kitu. "Fundi, ulipofungua nipo gurudumu liliachia?" Anayejibu moja kwa moja amepima. Anayesema "hizi gari ndivyo zilivyo" hajapima. Akitaja mastasilinda kwa gurudumu moja tu, muulize mbona mengine hayashiki. Akisema pistoni, akuoneshe. Akipendekeza kuliziba bomba la gurudumu hilo ili "ufike nalo mjini", kataa. Gari itavuta upande siku utakapohitaji breki khasa, na kwa miteremko ya Pemba siku hiyo haiko mbali. Kipuri cha zamani ukipewe mkononi, na hosi na pedi zibadilishwe pande zote mbili.

Kazi ikiisha, endesha kilomita tano, simama kwenye mteremko mdogo, tia N uachie breki. Gari ianze kuteremka yenyewe. Kisha pima joto la ringi ya kulia na ya kushoto kwa mkono ulio karibu bila kugusa. Yakitofautiana sana, rudi gereji siku hiyo hiyo, kabla hujamaliza kulipa.