Kulinganisha sekondari za kata Bagamoyo: anza na waliopotea njiani

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Bagamoyo hayalali: shule gani imeongoza? NECTA, baraza la mitihani la taifa, iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, kwa hiyo kila mtu anapika orodha yake. Mimi yangu naipika hivi.

1. Chagua zinazolingana. Za serikali, za kutwa, ndani ya Halmashauri ya Bagamoyo. Marian Girls iko hapahapa, lakini ni ya kanisa tena ya bweni, iache. Chunga na mpaka: sensa ya 2012 iliihesabu wilaya nzima pamoja na Chalinze, watu 311,740. Leo Chalinze ina halmashauri yake. Ukichanganya takwimu za nyakati hizo mbili utadhani watu wamehama usiku.

2. Nakili jedwali. Kwenye tovuti ya NECTA fungua ukurasa wa kila shule. Kuna jedwali la divisheni, yaani madaraja ya ufaulu (I ndiyo ya juu), kwa jinsia: F wasichana, M wavulana. Andika waliosajiliwa na waliofanya mtihani. Excel ni nzuri, daftari pia linatosha.

3. Hesabu divisheni I hadi III tu. Neno "ufaulu" hubeba na divisheni IV, yaani pointi 26 hadi 33. Pointi zikiwa nyingi, matokeo ni mabaya. Sasa piga hesabu: alama ya D ni pointi 4, alama ya F ni 5. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, naye yumo kwenye "wamefaulu". Shule ikijisifia asilimia 95, uliza wangapi ni wa IV.

4. Wafuate watoto walewale. Hapa ndipo penye kazi, na wengi hupapita. Waliofanya kidato cha nne 2024 walikuwa kidato cha pili 2022. Rudi kwenye matokeo ya mwaka huo, soma waliosajiliwa.

Tuseme shule A ina watahiniwa 40, na 20 wamepata I hadi III: asilimia 50. Shule B ina 120, waliopata ni 42: asilimia 35. A imeshinda? Kidato cha pili A ilikuwa na 90, B ilikuwa na 130. Gawanya upya kwa idadi hiyo ya kidato cha pili: A ni asilimia 22, B ni 32. Miaka miwili niliwapa majirani orodha bila hatua hii, na naona haya hadi leo.

Si wote 50 waliopungua A walioacha shule. Wapo waliohama, wapo waliokariri kidato cha pili baada ya kufeli.

5. Rudia kwa jinsia. Safu ya wavulana ikipukutika kwenye kata ya pwani, mimi huulizia habari za bahari, kama wameenda kuvua. Ikipukutika ya wasichana, ulizia umbali wa kutembea, na mimba. Tangu Novemba 2021 waliojifungua wanaruhusiwa kurudi, kwa hiyo wengine utawakuta kwenye matokeo ya mwaka mwingine.

6. Nenda shuleni. Mwone mkuu wa shule kwanza, ndipo mwalimu wa taaluma. Usianze na "mbona mmefeli". Muulize ana walimu wangapi wa hisabati na fizikia, kisha mwoneshe ile 90 na ile 40, umwache aeleze.